Joho la Bi Zuwena

Hapo zamani, watu walipokuwa bado na nafasi ya kubishana, palikuwa na mwanahesabu aitwaye Bi Zuwena. Kwa miaka hamsini, akiandika sakafuni kwa mkaa, alitafuta kanuni moja: jinsi ya kujua, kabla ya kusuka hata ukili mmoja, kama maua ya mkeka yatakutana kwenye mshono. Akaipata. Waashi wakaitumia kupangia vigae, mafundi kuchongea milango, na wanafunzi wa nchi za mbali wakaisoma kwa jina lake.

Mji ukaamua kumvika joho la heshima. Joho lilikuwa moja, na lisipovaliwa kabla ya jua kuzama, hurudi sandukuni miaka thelathini. Bi Zuwena alikuwa na miaka themanini na mmoja. Hesabu hiyo haikuhitaji mkaa. Alikuwa amepaka hina tangu juzi.

Kama desturi, mpiga mbiu akauliza, "Nani ana fungu lake katika kazi hii?" Siku zote hujibiwa na kimya.

"Mimi!" akasema Mwanakombo, msuka mikeka. "Nani alimwuliza, 'Shoga, mbona maua yangu hayakutani?' Yeye alikuwa akihesabu mbegu za papai! Bila swali langu angejibu nini?"

"Na mimi!" Mzee Makame alipasua umati kwa bakora. "Kila Ijumaa nilimwambia, 'Umekosea, Zuwena.'"

"Na kila Ijumaa ukakosea wewe!" akasema Bi Zuwena.

"Isipokuwa moja."

Bi Zuwena akatazama hina yake. Ijumaa ile moja kanuni nzima iliporomoka, na kuijenga upya kulimchukua miaka minane.

"Na mimi je?" akasema. "Shoga, uliuliza, ukaenda kupika. Mzee, ulikosoa, ukaenda kula. Nani alibaki na mkaa mkononi?"

Mwanakombo akashika mkono wa kulia wa joho, Makame wa kushoto, Zuwena ukosi. Jua likagusa mapaa.

"Si wewe bingwa wa hesabu?" watu wakapiga kelele. "Gawa basi!"

Bi Zuwena akaandika sakafuni kwa mkono mmoja. Akafuta. Akaandika tena.

"Nikimwondoa yeyote kati yetu," akasema taratibu, bila kuachia ukosi, "jawabu ni sifuri."

Mpiga mbiu akafunua sanduku. Joho lina shingo moja, jamani, na jua halingoji. Nyinyi mngemvika nani?