Aliyekimbia Jani la Ndugu Yake

"Bibi, mimi sijakataa kumsamehe. Yeye ndiye hajaja kuniomba."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa Jumapili iliyopita, hapo nje kwenye mnada wa mavuno, na mtu mzima kabisa, kashika mkungu wake wa ndizi, kanikazia macho. Simtaji. Mwenyewe yumo humu na ameshaanza kuangalia viatu vyake. Nikamuuliza, hajaja kukuomba, au hujamwachia pa kupita? Akanijibu, "Bibi, haya mambo wewe huyajui." Mimi! Mimi nisiyajue? Katika ukoo wetu huu, ni ugomvi gani ambao haukupita jikoni kwangu kabla ya kufika kwa mchungaji? Nani alisusa chakula cha nani, nani hakualikwa kwenye kipaimara cha nani, yote ninayo hapa kichwani, na sikuandika hata moja kwa sababu kuandika sijui.

Basi, kwa kuwa leo ni siku ya wanawake na mama mchungaji kanipa dakika zangu, namjibu yule mtu kwa mfano. Ni mfano, msianze kutafuta ni nyumba ya nani. Mambo ya meli nimeelezwa na mjukuu wangu, anayetandika vitanda kwenye meli kubwa za watalii huko kaskazini kabisa, kwenye baridi. Ya hawa ndugu nimeyatunga mwenyewe. Nikikosea mnyama mnisahihishe baada ya ibada, siyo sasa.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye wana wawili wa kiume. Mkubwa aliishi ng'ambo, mdogo alibaki nyumbani na mama. Baba yao alipofariki, mkubwa alipiga simu akasema, "Nisubirini, nakuja." Wakamsubiri siku moja, wakamsubiri ya pili. Siku ya tatu wazee wa ukoo wakamgeukia yule mdogo: watu wamechoka, mvua inakuja, tuzike. Akakubali. Mkubwa akafika jioni ile ile, amevaa suti nyeusi, ameshika shada la maua, akakuta udongo umeshasawazishwa na watu wanakunja maturubai.

Hapo sitaki mtu aseme ni jambo dogo. Kumzika baba wakati mtoto wake mkubwa yuko njiani ni kidonda. Yule mdogo alikosa, na alijua amekosa. Miaka saba hawakusemezana.

Mwaka wa saba mkubwa akamwambia mama yake, "Mama, nataka nikutembeze. Nitakupandisha meli kubwa, ukaone nyangumi, ukaone dubu, ukaone milima ya barafu inavyoshuka mpaka baharini." Mama akasema, "Sitoki bila mdogo wako. Nani atanishika mkono kwenye ngazi?" Mkubwa akasema, "Aje. Meli ni kubwa."

Mnasikia hilo jibu? Aje, meli ni kubwa. Hakusema aje, ni ndugu yangu. Alishapima kwanza ukubwa wa meli.

Yule mdogo, kabla ya kuondoka nyumbani, alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, akachuma jani la isale. Ninyi mliozaliwa mijini nisikilizeni. Isale si ua la kupamba. Ukimkosea mtu unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mkono wako mbele ya shahidi. Akishalipokea, kinyongo kimekwisha. Na halikataliwi. Hata kama ulimuumiza kiasi gani, jani hilo halikataliwi. Kwa hiyo akalifunga fundo, akalizungushia kitambaa chenye maji, akaliweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na moyo.

Siku ya kwanza melini, mama kwa furaha akashindwa kuzuia mdomo. Akamwambia mkubwa wakati wanakula, "Ndugu yako kakuletea kitu kutoka nyumbani."

"Kitu gani?"

"Cha kijani."

Yule mkubwa akaweka uma chini. Akaelewa. Na tangu saa hiyo, wapendwa, yule mtu akaanza kukimbia.

Mtasema, melini mtu atakimbilia wapi? Mlango wa chumba unafunguliwa kwa kadi. Mdogo akigonga, mkubwa anasema, "Naoga." Asubuhi anaoga. Mchana anaoga. Siku nne mtu anaoga, hata nguruwe wa Krismasi haoshwi hivyo! Msicheke. Kula, akahamia meza ya wageni asiowajua.

Ikabaki sehemu moja tu. Meli hiyo kila inapofika bandari, watu wanashuka kutembea, na kila mtu anachagua anataka kuona nini. Wengine wanapelekwa kwa mashua kwenda kwa nyangumi, wengine kwa basi kwenda kwa dubu, wengine wanapandishwa helikopta kwenda juu ya barafu. Kuna meza, na dada anaandika majina. Na ukishakaa kwenye mashua na ndugu yako, mmebanana benchi moja saa tatu nzima, hakuna mlango wa kufunga. Mdogo alitaka hapo tu. Na mkubwa akajua hapo ndipo atakaponaswa.

Basi mama amekaa kwenye kiti karibu na ile meza, anamwona mwanawe mkubwa anakuja, anainama, anamuuliza yule dada, "Mdogo wangu amejiandikisha wapi kesho?"

"Kwa nyangumi, baba."

"Basi mimi niandike kwa dubu."

Yule dada akafurahi! Akasema, "Mnapendana jamani! Mnagawana ili jioni muhadithiane." Mama anavuta kanga yake juu ya sweta.

Kesho yake mdogo yuko kwenye mashua na mama. Nyangumi akatoka, mkia mpana kama paa la nyumba, watu wanapiga kelele, wanapiga picha. Yeye hakumwona. Watu wote wanatazama maji, yeye anazihesabu sura za watu waliomo. Mama akamwambia, "Mwanangu, tazama mnyama." Akasema, "Nimemwona, mama." Hajaona kitu.

Bandari ya pili akajifanya mjanja. Akangoja mkubwa ajiandikishe kwanza, naye akaenda kwa yule dada akajiandikisha hapo hapo, kwa dubu. Asubuhi akawahi, akakaa kwenye basi. Mkubwa akapanda, darubini shingoni, akamwona. Akashuka. "Tumbo linaniuma," akamwambia dereva. Tumbo likapona baada ya dakika tano, akaenda kutazama mbwa wanaokokota mkokoteni.

Mimi nauliza, na nauliza kwa uchungu: mtu amesafiri mpaka mwisho wa dunia kuona maajabu, halafu anachagua kila siku kwa kuangalia tu ndugu yake hayupo wapi! Aliwaona dubu kweli? Hao mbwa aliwaona? Aliona nafasi isiyo na mtu, basi.

Ikabaki bandari ya mwisho, ya barafu. Mama akawaita wote wawili, akasema, "Sijawaomba kitu tangu tupande. Baba yenu kila asubuhi alisimama mlangoni kutazama theluji ya mlima wetu kabla hajanywa hata maji. Kesho nakwenda kuiona barafu kwa karibu, na nakwenda na ninyi wawili. Mashua moja."

Mkubwa akajaribu. "Mama, mimi nilifikiria helikopta."

"Kuna ukungu, helikopta hairuki. Nimeshamuuliza yule dada."

Akasema, "Sawa, mama. Mashua moja." Yule mdogo alivyofurahi! Alikwenda kubadilisha maji ya kile kitambaa. Jani lilikuwa limeanza kuwa la njano pembeni, lakini fundo lipo.

Asubuhi wakapanga foleni ya kushuka, watu kama arobaini. Mkubwa alitangulia mbele. Kwenye mlango wa bandari kuna mkaguzi. Bandari mbili walizopita hakuna aliyekaguliwa mfuko. Hapa mkaguzi akawaacha watu wote wapite, mzee na mkoba wake, mama mwingine na kikapu chake, akaja moja kwa moja kwa yule mdogo. Hakuuliza begi. Akagusa kifua cha koti. "Hapa ndani kuna mmea?"

Mdogo akatoa kile kitambaa.

"Mmea wa nje hauteremki hapa."

"Mheshimiwa, ni jani moja tu. Si la kupanda. Ni la kaka yangu, yule pale."

"Sheria ni sheria." Akalichukua kwa vidole viwili, akalitumbukiza kwenye pipa lenye mfuniko. Kwisha.

Mama akawaza, amejuaje huyu? Katika watu arobaini, amejuaje mfuko wa ndani?

Wakapanda mashua. Na mkubwa, jamani, alibadilika siku ile! Akaja kukaa benchi moja na ndugu yake. Akavua jaketi lake akampa mama, "Nishikie mama, nipige picha." Akamwita ndugu yake kwa jina, mara ya kwanza baada ya miaka saba. "Sogea, utokee na barafu." Akamwekea mkono begani. Barafu iko mbele yao, bluu, ndefu kupita mnara wa kanisa hili mara kumi, inalia kama mti unaotaka kuanguka.

Mdogo akaona huruma imeingia. Akapiga magoti pale pale kwenye mbao zenye maji. Akasema, "Kaka, jani wameninyang'anya, umeona mwenyewe. Nakuomba kwa mikono mitupu. Nilikosa. Nilipaswa kukusubiri. Nisamehe."

Mkubwa akatazama kushoto na kulia, watu wanaangalia. Akasema, "Simama, unatuaibisha. Kuomba kuna utaratibu wake, unaujua. Bila jani hujaniomba. Siku ukija na jani, tutaongea."

Mama akamtazama usoni. Akamuuliza polepole, "Mkaguzi alijuaje?"

Yule mkubwa akacheka kidogo. "Mama, nami nivunje sheria za watu? Nilimwambia ukweli tu."

Wakati huo huo ukuta wa barafu ukakatika, ukaanguka baharini kwa kishindo, maji yakaruka, mashua nzima wakashangilia. Mama hakugeuka. Akasema, "Mdogo wako alimzika baba yako wewe hupo. Wewe leo umemzika mdogo wako, na mimi mama yenu nimekushikia jaketi."

Akaliweka lile jaketi kwenye benchi, akaenda kukaa upande wa yule aliyelowa magoti. Mpaka meli inafunga safari hakuketi tena karibu na mkubwa.

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa sisi.

Tunapenda kumhukumu aliyekosa. Akikosa mtu kijiji kizima kinajua, anasemwa kisimani, anasemwa kwenye vikoba. Lakini huyu anayekimbia kuombwa, nani anamsema? Anakaa kwenye kiti cha mbele, anaimba sauti ya pili, anaonekana mtu aliyeumizwa. Mimi leo namsema.

Kwa nini ulihama ibada ya kwanza ukaanza kuja ya pili? Ulisema ni usingizi. Si usingizi. Ni kwamba dada yako anasali ya kwanza. Kwa nini ukipewa amani mwisho wa ibada unatokea mlango wa upande, wa wanakwaya, na wewe kuimba hujui? Yule dada yako alikupigia simu mara ngapi kabla hujamfungia namba? Na kwenye ile arobaini, alipokuja jikoni kukutafuta, si ulikwenda kuteka maji na pipa limejaa? Tulikuona! Kisha unakuja kunishikia mkungu wa ndizi hapo nje, unaniambia, "Hajaja kuniomba". Atakuomba wapi? Apande juu ya bati?

Msidhani nasema kwa sababu mimi ni malaika. Miaka ya nyuma wifi yangu alikuja kwangu na jani mkononi, nikamwona kupitia migomba, nikaingia chooni nikafunga komeo. Nikakaa mle mpaka akachoka akaondoka. Nikatoka najisikia mshindi. Mshindi wa nini, wanangu? Wa choo? Yule mama alifariki mwezi ule ule. Jani lake nililikuta kwenye kizingiti changu, amelilaza vizuri, fundo limeangalia ndani. Nilipokubali kuliokota, aliyelileta hakuwepo tena. Tangu siku hiyo mtu akiniambia hajaombwa, damu inanichemka, kwa sababu ninajua maneno hayo yanatengenezwaje.

Kusamehe ni kugumu, sikatai. Hata yule mkubwa aliumia kweli, na Mungu aliuona udongo ule kabla yake. Lakini mlango wako, wapendwa, mlango tu! Acha wazi. Kaa kwenye benchi. Panda mashua aliyopanda. Akikukuta umekaa, huenda hata hutajua useme nini, sawa, usiseme. Ila akukute.

Haya, dakika zangu zimekwisha, mama mchungaji ananiangalia. Nawaomba kitu kimoja. Kuna watu hawakuja leo kwa sababu walisikia nitasimama mimi. Mnawajua, na mimi nawajua. Mkitoka hapa, kabla hamjaenda kupika, pitieni kwao muwape mfano huu wote, na lile la mkaguzi msilikate. Wakiuliza nani kasema, nitajeni jina.