Uchungu wa Bwana Ngiri

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kupigiana hodi kama sisi, Ngiri aliishi na mkewe kwenye nchi moja yenye nyasi nzuri. Sogeeni karibu. Wewe mwenye muwa, tafuna polepole, mimi siwezi kushindana na meno yako.

Ngiri alikuwa mchapakazi. Akianza kuchimba shimo, mpaka liishe. Siku moja, katika kuchimba, akagonga jiwe, kwa! Jino lake kubwa likapasuka hadi kwenye ufizi. Akawa halali, hali, anazunguka uani akishika shavu. Rafiki yake mmoja akamwambia, "Lamba utomvu wa mlegezo. Maumivu utayasahau."

Mlegezo ni mti wa kule ng'ambo. Utomvu wake ni mweusi, na wachuuzi waliuleta kwa vibuyu. Ngiri akalamba, maumivu yakakata. Akalamba tena, ingawa jino lilikuwa limeshapoa. Akawa analamba asubuhi na jioni. Akauza jembe, akauza na kitanda, mkewe akawa analala chini. Akiukosa ule utomvu anatetemeka tititi, jasho linamchuruzika, anatukana hata kuku.

Msicheke. Hakupenda. Kuna siku alikuwa analia huku analamba.

"Nimeacha," alimwambia mkewe kila jioni. Kukicha, ulimi mweusi.

Sasa Simba, mtawala wa nchi ile, alipoona raia wake wanalegea, akatoa sheria: "Atakayeonekana na ulimi mweusi atavushwa mpaka Bonde la Chumvi." Huko hakuna maji wala jani. Waliopelekwa hawakurudi.

Mnadhani walambaji waliacha? Thubutu! Walijifunza kufumba midomo tu. Hata mwenye jino bovu haendi kwa mganga, anaogopa kuambiwa afungue kinywa.

Kazi ya kukagua alipewa Fisi, askari mkuu. Alipita nyumba kwa nyumba na rungu lake begani. "Toa ulimi," anasema. Ukikataa, anauvuta yeye.

Siku aliyokaribia kwa Ngiri, mkewe Ngiri alitoka mbio kwa mlango wa uani hadi kwa Bi Nguchiro. Huyu alikuwa mkunga wa kijiji kizima. Umbo lake lingeenea ndani ya kikapu, lakini maneno yake yasingeenea ndani ya ghala.

"Shoga, nisaidie," akasema huku anahema. "Mume wangu safari hii ameamua kuacha kweli. Tangu jana hajalamba. Sasa yuko chini anagaagaa, na Fisi yuko kwa jirani. Akimkuta vile, ndiyo nimempoteza."

"Anagaagaa vipi?"

"Ameshika tumbo. Jasho linamtoka. Anamwita mama yake."

"Anatapika?"

"Anatapika."

Bi Nguchiro akafikiri kidogo. "Basi huyo anajifungua," akasema. "Nipe kanga."

Lazima niwaambie desturi ya huko. Nyumba ya mzazi haikanyagwi na mwanamume mpaka arobaini ipite. Hata awe na rungu, hata awe Simba mwenyewe. Akiingia, wanawake wa nchi nzima wanamgeuzia mgongo, na hakuna aliyetaka kujua maisha ya namna hiyo yakoje.

Wakarudi mbio kwa Ngiri, wakaingia kwa mlango wa uani. Mara Fisi akafika. Ngo, ngo, ngo. "Hodi!"

Bi Nguchiro akatoa kichwa mlangoni, mikono imelowa maji. "Hodi ya nini? Hapa kuna uchungu."

"Nimekuja kukagua ndimi."

Kutoka ndani ikasikika, "Oooh, nakufa mie!" Sauti nzito, kuta zikatikisika.

Fisi akasimamisha masikio. "Mbona mama ana sauti nzito hivyo?"

"Wewe umewahi kuzaa?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza. Mtoto amekaa upande, unataka aimbe?"

"Na Ngiri mwenyewe yuko wapi?"

"Wanaume mkisikia uchungu huwa mnakaa wapi? Amekimbilia kwa mama mkwe."

Fisi akautazama ule mlango kwa muda. Ndani kukasikika kilio tena. Akameza mate. "Haya," akasema. "Mpe pole." Akaondoka taratibu, rungu linaburuta.

Bi Nguchiro akafunga mlango, akacheka mpaka akakaa chini. "Jitu zima limedanganyika kama mtoto!"

Habari zikasambaa. Mkewe Ngiri ana uchungu, tena uchungu mbaya. Wanawake wakaleta maji ya moto na uji wa pilipili manga, Bi Nguchiro akavipokea kizingitini. Simba akatuma mtungi wa asali, na salamu juu. Vyote vikaingia kwa Ngiri. Alikandwa maji ya moto mgongoni, akanyweshwa uji kwa kata, akatapika, akanyweshwa tena.

"Nipe kidogo tu nilambe," akaomba. "Mara moja."

"Mara moja ndiyo iliyokuleta hapa," Bi Nguchiro akamjibu.

"Utaniua wewe."

"Hufi. Wenye uchungu wote wanasema wanakufa."

"Mpaka lini hivi?"

"Mpaka jioni. Ikifika jioni tutasema mpaka asubuhi."

Kuna siku yalimshinda. Akainuka, akamsukuma Bi Nguchiro pembeni, akaenda mlangoni atoke akatafute kibuyu. Mkewe akawahi kukaa kizingitini. Hakumtukana. Alisema tu, "Ukitaka kupita, pita juu yangu. Mimi nimechoka kukusubiri." Ngiri akasimama pale. Halafu akakaa naye chini, wakalia wote wawili.

Tangu siku hiyo uji ukaanza kukaa tumboni.

Lakini Fisi hakukoma. Kila siku anakuja, anasimama kwenye ua, anasikiliza. Bi Nguchiro akaingiwa na wasiwasi. Ikabidi aharakishe uzazi. Akabana pua, akalia, "Ngaa! Ngaa!"

"Amezaa?" Fisi akauliza kutoka uani.

"Amezaa."

"Dume au jike?"

"Dume," akasema Bi Nguchiro, na hapo hakudanganya.

Arobaini ikapita. Simba akaja na ngoma na watu wake kumwona mtoto, maana asali yake ilikuwa imetumika na alitaka kujua imefanya nini. "Mleteni nimpe jina," akasema.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Ngiri, kanga begani, amekonda, macho maangavu. Nyuma yake mkewe. Ngoma zikanyamaza.

"Mtoto gani huyu ana meno nje?" Simba akauliza. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akamgeukia Bi Nguchiro. "Mkunga, umenidanganya."

"Nimekudanganya, mheshimiwa. Huyu alikuwa mlambaji. Sheria yako inakataza ulimi mweusi. Ngiri, fungua kinywa."

Ngiri akatoa ulimi. Ulikuwa mwekundu, safi.

"Lakini alilamba," Simba akanguruma.

"Alilamba. Na wale uliowavusha Bonde la Chumvi nao walilamba. Nani kati yao amerudi amepona?"

Simba akageuka kutazama kule liliko Bonde la Chumvi.

"Huyu amepona kwa maji ya moto, kwa uji, na kwa asali yako," Bi Nguchiro akaendelea. Wadogo wa umbo wakishaanza kusema hawajui kuacha. "Ningekwambia asali ni ya mlambaji, ungeileta?"

"Nisingeileta," Simba akasema. Akakaa chini, pu, palepale kwenye vumbi. "Mpwa wangu nilimvusha kwa mikono yangu. Alikuwa akinililia, nikadhani ni ujanja."

Ngiri ndiye aliyesogea. "Mheshimiwa, mimi mwenyewe sijamaliza," akasema. "Nikisikia harufu ya vile vibuyu, mate bado yananijaa. Napita njia ya mbali, na mke wangu anajua nimepita wapi. Ila leo sijalamba."

Simba akajifuta uso. "Sikieni. Mchuuzi wa mlegezo bado nitapambana naye mimi. Lakini mlambaji akija mwenyewe kwa mkunga, asiguswe na mtu, na kaya zote zimpelekee uji. Fisi, katangaze."

Fisi hakuondoka.

"Fisi, husikii?"

Fisi akalaza rungu lake chini. Tena alikuwa akitetemeka, na jasho linamtoka kwenye pua. "Bi mkunga," akasema, "mimi siku ile hukunidanganya. Kile kilio nakijua. Ni changu mwenyewe kila alfajiri." Akatoa ulimi mbele ya watu wote. Mweusi tii!

Maana nani alithubutu kumkagua mkaguzi?

Bi Nguchiro akarudi mlangoni. Alimtazama yule Fisi aliyesimama uani siku zote zile, akijua na kunyamaza. Kisha akausukuma mlango, ukafunguka wote.

"Ingia," akasema. "Utalia sana, nakwambia mapema."

"Najua," Fisi akasema. Akainama, akaingia.

Ngiri akawasha moto. Mkewe akachukua mtungi kwenda kuteka maji. Simba akawa amesimama tu katikati ya ua, hajui mikono aiweke wapi. "Na mimi nilete nini?" akauliza.

"Asali," Bi Nguchiro akamjibu. "Na usikae dirishani kusikiliza. Hapa kuna mzazi."

Simba akacheka, watu wakacheka naye, cheko la kushusha pumzi, akaenda mbio kufuata asali.

Nami mwanamume niliishia hapo mlangoni, kilichoendelea ndani waulizeni wakunga. Ninyi shikeni hili moja: mgonjwa ukimtisha hujificha, ukimfungulia mlango hupona.