Kikapu cha Watasema

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kinyonge kama walionyimwa ukoko. Sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi, hama huko kwenye moshi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo ndipo. Hapo zamani za kale, mbwa walipokuwa bado hawajahamia kwa binadamu, palikuwa na mji wa wanyama uitwao Maboga. Mji ulizungukwa na ua wa miiba, na ua ulikuwa na pengo moja tu la kuingilia. Penye pengo hilo walikaa mbwa, walinzi wa mji, na kazi yao ilikuwa kumzuia Fisi. Mkuu wao aliitwa Watasema. Mama yake alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, na majirani hawakumwangusha.

Mwaka huo Fisi aliingia mjini kabla jua halijazama, akambeba mtoto wa pekee wa Bi Mbuzi, mjane. Mji mzima ulilia. Basi ilipofika siku ya kugawana mtama wa ghala la mji, baraza likawaka moto.

"Mbwa waongezewe!" aliwika Jogoo. "Bila mbwa tumekwisha!"

"Mbwa wapunguziwe!" alijibu Paka. "Wanakula, wanalala, wanabweka. Juzi nimebwekewa mimi, mzaliwa wa hapa, natoka zangu kwa shangazi!"

"Waongezewe!"

"Wapunguziwe!"

"Waongezewe, nasema!"

Watasema alisimama. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya baraza. "Wazee wangu," alisema, "vijana wangu wana njaa. Siogopi, msaidizi wangu, mguu wake una kidonda cha meno ya Fisi mpaka leo. Ng'ambo ya mto kuna mji unaolisha walinzi wake nyama. Vijana wameniambia wazi, nikirudi bila kitu, wanahama."

Jogoo na Paka wakaketi. Kila mmoja alijua kwamba mbwa wakihama, Fisi hatahitaji hata kunyata.

Sasa, mji wa Maboga ulikuwa na desturi yake. Aliyetaka kuongezewa hakupewa barazani. Alijitwika kikapu kitupu, akapita mwenyewe kwenye milango ya wale ambao mafungu yao yangepunguzwa, akaomba uso kwa uso. Mwenye mlango akisema "Pita nacho," unatiliwa mtama. Akisema "Weka chini," unaenda zako. Kumtuma mtu ilikuwa mwiko. Wahenga wa Maboga walijua kwamba ni rahisi kuchukua chakula cha mtu usiyemwona.

Watasema akajitwika kikapu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mzee Ngiri. Yeye na wanawe walikula mtama wa mji ili wachimbe kisima cha mji, na kisima chenyewe kilikuwa bado kifupi, maji yake ya kugombania.

"Hodi, mzee. Nimekuja na kikapu. Nipite nacho au niweke chini?"

Ngiri aliyatazama meno ya mbwa, kisha akatazama chini. "Pita nacho, Jemadari. Mwenye nguvu mpishe. Tutachimba mwaka mwingine."

Akamimina. Watasema aliona aibu kidogo, lakini aibu haijazi tumbo, akaenda.

Mlango wa pili ulikuwa wa Bi Kobe, aliyechemsha dawa za mitishamba na kuwanywesha wagonjwa uji.

"Hodi, bibi. Nimekuja na kikapu. Nipite nacho au niweke chini?"

Bi Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba mpaka Watasema akadhani amelala.

"Weka chini, mjukuu wangu," alisema hatimaye. "Digidigi alipoweweseka kwa homa njiani, majirani walimwita nani?"

"Walituita sisi."

"Mkafanya nini?"

"Tulibweka, bibi."

"Homa ikashuka?"

Watasema aliinamisha masikio. "Haikushuka."

"Basi niachie chungu changu. Meno yako nayaheshimu sana, ila meno hayakorogi uji."

Mlango wa tatu ulikuwa wa Bi Mbuzi, yule mjane. Naye alikuwa na fungu lake la mtama, fungu la wajane.

"Hodi, mama. Nimekuja na kikapu. Nipite nacho au..."

"Pita nacho!" Bi Mbuzi alikwisha kutoka na fungu lake lote mikononi. "Chukua chote, mwanangu. Mimi nimebaki na nani wa kumpikia? Walishe vijana wako, waongezeke, ili siku nyingine watu wakipigana kisimani, wengine wabaki penye pengo."

"Kisimani?" aliuliza Watasema.

"Siku ile, umesahau? Wanawake walishikana mashungi kwa ajili ya zamu ya maji. Mji ukapiga kelele, mbwa! mbwa! Mkaenda nyote kuamua ugomvi, na pengo likabaki peke yake. Sikulaumu, mwanangu. Mliitwa, mkaitika."

Watasema alikumbuka. Siku ile alirudi kutoka kisimani kifua mbele, akisifiwa kwa kuamua ugomvi, na alipofika akamkuta mama huyu anagaragara mavumbini. Hakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Sasa mtama wa Ngiri ulikuwa kichwani pake. Ngiri asipochimba, maji hayatatosha. Maji yasipotosha, watu watapigana. Watu wakipigana, mbwa wataitwa. Mbwa wakiitwa, Fisi atapita.

"Mama," alisema, "rudisha fungu lako ndani. Upike, ule, uishi."

Akageuka na njia ile ile aliyojia. Akamimina mtama wa Ngiri mlangoni kwa Ngiri mpaka punje ya mwisho. "Chimba, mzee. Asubuhi nikitoka zamu nitakuja kukusaidia. Kufukua najua."

Nami nawaambia, kumkabili Fisi ni kazi, lakini kurudi kwa wenye njaa na kikapu kitupu ni kazi kubwa zaidi. Siogopi alikuwa anamsubiri penye pengo.

"Kikapu kina nini?"

"Hakina kitu."

"Basi tunahama."

Watasema akawasimulia yote bila kuficha, hata aibu yake. "Atakayehama simzuii," alimaliza. "Atakayebaki, ale na fungu langu. Ila tukiitwa tena kuamua ugomvi, nitakwenda peke yangu. Pengo hili haliachwi."

Mbwa wawili vijana walivuka mto jioni ile ile. Msiwacheke, njaa haina adabu. Siogopi alilamba kidonda chake, akajilaza mahali pake. "Mimi nabaki," alisema. "Lakini fungu lako utakula nusu, maana mkuu aliyekufa hatufai."

Kiangazi kilikuja. Kila asubuhi Watasema alifukua pamoja na Ngiri, udongo mpaka puani, na Paka alipita akisema, "Tazameni, mlinzi amekuwa panya." Walisema, naam, kama jina lake. Yeye akafukua tu, mpaka siku moja maji baridi yalipowalowesha kwato na makucha. Tangu hapo aliyekuja mapema aliteka, na aliyechelewa aliteka.

Fisi naye alikuwa nje ya ua, kichakani, akisubiri kelele za kisimani kama zamani. Akasubiri. Akasubiri. Akasubiri. Kimya. Tumbo lilipomzidi akajitosa penye pengo, na hapo akawakuta Watasema, Siogopi na wenzao, wembamba lakini wako wote. Vumbi lilipotulia, Fisi alikuwa ameacha kipande cha mkia, na Watasema ameacha nusu ya sikio. Watoto wote wa Maboga walilala kwa mama zao.

Siku ya kugawana mtama ikafika tena. Jogoo akavuta pumzi apaze sauti, Paka akanyoosha mgongo ajibu. Wakamwona Bi Mbuzi, kikapu kichwani, amekwisha kuondoka. Hakujiombea yeye. Alipita kila mlango akiuliza, "Nipite nacho au niweke chini?" Na kila mlango ukajibu, "Pita nacho." Hata mlango wa Paka, ingawa kwa kunung'unika.

Akafika penye pengo, akakitua mbele ya Watasema. Mbwa yule, mwenye njaa ya mwaka mzima, udenda ukimtoka, hakukigusa.

"Mama, umepita kwa Ngiri?"

"Nimepita."

"Kisima kikoje?"

"Kimejaa."

"Na chungu cha Bi Kobe?"

"Nimekiacha kinachemka."

Hapo ndipo Watasema alipowaita wenzake, wakala.

Hadithi yangu imeishia hapo, kikapu kikiwa chini na walinzi wakitafuna. Aliyeshiba akalale, na mwenye njaa angoje viazi vyangu hapa majivuni.