Kidole Gumba Ndani ya Kibaba

Paukwa mtungi!
Pakawa mfuniko!
Paukwa njaa!
Pakawa mvua!

Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna muhogo hapo mlangoni, maliza kwanza. Ngano hii ni ya njaa, sitaki kushindana na meno yako.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha nyumba kumi na mbili, na mvua ikakataa. Mwaka wa kwanza watu wakala akiba. Mwaka wa pili wakala mizizi. Mwaka wa tatu wakaanza kuzitazama mbegu. Hapo ndipo pabaya, jamani. Anayekula mbegu amekula na mwaka kesho.

Jumbe wa kijiji aliitwa Semboja, mtu wa haki lakini mwingi wa dhana. Alimwambia mkewe, Bi Mkasi, kwamba binadamu ni mwema akishiba tu; njaa ikimbana, utu unamtoka. Bi Mkasi akasema yeye hana hakika. Wakabishana siku tatu mpaka koo zikakauka, na maji yenyewe hakuna.

Basi Jumbe akatoa amri. Kila nyumba ilete kibaba kimoja cha mtama wa mbegu, kibaba cha tele chenye kilele, si cha mfuto kilichosawazishwa juu. Mbegu zote zitiwe mtungi mmoja, na kila siku nyumba moja ilinde, mtu mmoja peke yake. Atakayekula hata punje atatoka kijijini na mkeka wake. Na huko nje mwaka ule kulikuwa na nini? Nyika na simba. Mmeelewa.

Watu wakapima. Lakini binadamu, ah! Kila aliyeshika kibaba alitumbukiza kidole gumba ndani, kama mtu anayekishika vizuri kisimponyoke. Kidole kikala nafasi ya mbegu. Wa kwanza akafanya, wa pili akafanya, wa tatu akafanya. Mnacheka nini? Sokoni nimewaona.

Wa mwisho alikuwa Kidawa, mjane, mfinyanzi, mwenye binti mmoja mdogo aitwaye Siwatu. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa na mtama mwekundu. Wa wengine ulikuwa mweupe. Akakishika kibaba kwa chini, akajaza mpaka mbegu zikamwagika, akaziokota moja moja akazirudisha. Mtama wake mwekundu ukakaa juu kabisa. Watu walipoondoka, Jumbe akachora kwa siri mstari wa mkaa ndani ya mtungi, pale mbegu zilipofika.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Jumbe mwenyewe. Aliketi mbali na mtungi, hakuugusa. Zamu ya pili akalinda Mhina, mwindaji, mtu wa miraba minne. Akafunua. Akatazama. Akafunika, akaenda kwake mbio akarudi. Alifuata nini? Ngoja, una haraka ya wapi? Wa tatu akafunua, akatazama, akafunika. Na wa nne, na wa tano, hivyo hivyo mpaka wa kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili ikawa zamu ya Kidawa. Siwatu alikuwa hajainua kichwa tangu juzi. Akasema, "Mama, sikuoni vizuri." Kidawa akafunua. Akatazama. Hakufunika. Alichota konzi moja, akasaga, akapika uji mwepesi, akamnywesha mwanawe kidogo kidogo. Mtoto akafumbua macho, akaomba mwingine. Kidawa akalia, nusu furaha, nusu hofu.

Asubuhi yake, ngurumo. Mawingu yakafunga, na matone ya kwanza yakapiga vumbi. Watu wakatoka wakicheza, isipokuwa Kidawa. Jumbe akaitisha mkutano, mtungi ukaletwa barazani, akaufunua mbele ya wote. Akautafuta mstari wake, hakuuona. Akatangaza kwamba alichora mstari, na kwamba mwizi ameufuta. Watu wakainamisha vichwa.

Kidawa akasogea, mkeka kwapani, mtoto mkononi. 

"Jumbe, mstari siujui. Konzi moja nimechukua mimi, nikampikia mwanangu uji. Mkeka wangu huu hapa."

  Bi Mkasi akatia mkono mtungini. Akachota mara ya kwanza, akachota ya pili, akachota ya tatu. Mstari ukatokea chini ya mbegu.

"Mume wangu, haukufutwa. Umefukiwa."

Basi Mhina akashindwa kuvumilia. Akasema, "Nilifunua ili niibe. Nikaona mtama mwekundu umejaa juu. Nikajiuliza, huyu mjane ametoa tele, nami nimetia kidole? Nikaenda kuleta changu kilichobaki, nikakoroga ili msijue." Mwingine akasema na yeye vivyo hivyo. Mwingine akasema na yeye pia. Wakaungama wote, wakitazamana kwa haya, kisha wakaanza kucheka. Haba na haba hujaza kibaba, na wale walikuwa wamejaza mtungi.

Bi Mkasi akamgeukia mumewe. "Na wewe, kidole chako kilikuwa wapi siku ile?"

Jumbe akakitazama kidole chake. Yeye peke yake hakufunua mtungi, kwa hiyo yeye peke yake hakuona chochote, na deni lake lilikuwa bado nyumbani. Akaenda kwake. Akarudi ameloa, mkononi ana mtama, konzi moja kamili. Akaumimina mtungini.

"Konzi ya Kidawa imerudi," akasema, akamgeukia Kidawa. "Mwanangu, katandike mkeka wako, mtoto alale."

Kidawa akakaa chini pale pale kwenye matope. Na Siwatu akauliza kama sasa kuna uji mwingine. Watu wakacheka mpaka wakalia.

Wakapanda jioni ile ile, mweupe na mwekundu pamoja, na ukaota. Jumbe na mkewe waliendelea kubishana juu ya binadamu hadi uzeeni. Lakini kijijini kwao, tangu siku ile, anayepima mbegu hukishika kibaba kwa chini, na wanaomzunguka humwambia, "Kidole!"

Paukwa kibaba!
Pakawa tele!

Ngano yangu imejaa kipimo. Kidole changu hiki hapa nje, tazameni.