Kadi ya Ugeni ya Bi Sikitu

Paukwa!
Pakawa!
Karanga!
Za moto!
Aliye nazo?
Atafune polepole, tusikie ngano!

Hapo kale wanyama walicheza mpira wa gongo. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga, pwaa! kisha anakimbia kuzunguka vichuguu vinne. Akifika cha nne kabla mpira haujamkuta, vigelegele. Na kila pakiti ya karanga za Nungunungu ilikuwa na kadi ndani, na kwenye kadi picha ya mchezaji. Iliyotafutwa kuliko zote ni kadi ya ugeni, yaani ile iliyotoka msimu mchezaji alipoingia uwanjani mara ya kwanza.

Kindi alikuwa nayo moja tu, ya bibi yake, Bi Sikitu: gongo begani, mkia juu, macho makali. Bi Sikitu alikwisha kufa, na picha nyingine hakuacha. Kila asubuhi Kindi aliiamkia ile kadi, ndipo akaenda kutafuta riziki.

Sasa Kiboko. Kiboko hakuwahi kukimbilia hata kichuguu kimoja. Alijua tu kwamba cha kwanza ni kizuri, na kizuri ni chake. Ukame ulipokuja, akajilaza penye maji, akanguruma:

"Anayetaka kunywa, alete kadi ya ugeni!"

Swala akaleta, akanywa. Kanga akaleta, akanywa. Kindi akavumilia mpaka ulimi ukakauka. Akaleta, akanywa, akalia.

Kesho yake akarudi, tiki tiki tiki, kashika kadi aliyoichora mwenyewe kwa mkaa.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, we mkia. Umefuata maji au maneno?"

"Nimeleta aibu yangu, bwana. Ile kadi ya bibi si ya ugeni hasa."

Bwaa! Kiboko akaibuka. "Umenidanganya?"

"Itazame mwenyewe. Gongo liko wapi?"

"Begani."

"Aliyekwisha kulibeba gongo, huyo bado ni mgeni?"

Kiboko akaitazama kadi. Akaigeuza. Akaitazama tena. "Mmh. Ya ugeni hasa iko wapi?"

Kindi akampa ile ya mkaa: gongo limeegemea kichuguu, basi.

"Mbona yeye hayumo?"

"Angekuwamo, Bwana Mkubwa, ingekuwa ya kwanza?"

Kiboko akacheka, hoo! hoo! hoo! maji yakapiga ukingo. "Nilijua! Nilikuwa nakupima tu!" Akaitupa kadi ya Bi Sikitu. Kindi akaidaka hewani, akanywa, akaondoka, tiki tiki tiki.

Habari haina miguu, lakini ilifika. Swala akaja na picha ya kichuguu kitupu.

"Hapa, Bwana Mkubwa, gongo lenyewe halijachongwa."

Akarudishiwa kadi yake, akanywa.

Kanga akaja na karatasi nyeupe pe!

"Na hapa je?" akauliza Kiboko.

"Hapa, bwana, mchwa hawajaanza hata kujenga kichuguu."

"Lo! Hii ndiyo ya kale!"

Akarudishiwa, akanywa. Wakaja wote, mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi yake nyeupe. Wote wakarudishiwa, wote wakanywa.

Siku moja Kindi alikuja na karatasi yake, Kiboko akamwita.

"Njoo uone hazina, we mkia. Unamwona nani hapa?"

Kindi akakaza macho. "Simwoni mtu, Bwana Mkubwa."

"Na hapa?"

"Simwoni."

"Na hii?"

"Hata kivuli chake."

Kiboko akamtazama kwa huruma. "Ndiyo maana wewe ni maskini. Una bibi mmoja tu."

"Ndiyo, bwana," akasema Kindi. Akainama, akanywa, akashiba. Akapanda mtini kwake, akaisimamisha kadi penye mwanga.

"Shikamoo, Bibi."

Basi watoto, funzo ni hili: msithubutu kumdanganya mkubwa. Yeye atabaki na hazina yote, nanyi mtabaki na vitu vyenu.

Ngano yangu imefika kichuguu cha nne. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa na kokoto, temeni mlangoni kwangu.