Shahidi Asiyekataa

Mji wa Zumurudia, katika zama ambazo hesabu yake anaijua Mungu peke yake, ulitawaliwa na Sultani Ghadanfari bin Mundhiri, mtu mwenye enzi na majeshi na dhahabu, na mwenye subira ndogo sana. Majeshi yake yaliteka nchi nyingi, na watu wa nchi hizo wakamiminika mjini kufanya biashara na kuoa na kuzaa, na kila mmoja akakisema Kiarabu kwa namna alivyojaliwa, hata ikawa mtoto wa Zumurudia hamwelewi babu yake, na msomaji akisoma msikitini, wazee hushika vichwa. Sultani akaogopa kwamba lugha itakufa naye yu hai, na hilo aliliona fedheha kubwa kuliko kushindwa vita. Akapiga mbiu kwamba mwanachuoni atakayezikusanya kanuni za maneno ya Waarabu katika kitabu kimoja ataozwa binti yake Lubaba, na atakayetia uongo ndani yake atakatwa kichwa.

Basi mjini hapo alikuwako mwanachuoni kijana jina lake Nuwairi, aliyempenda Lubaba kwa sauti tu, kwani alikuwa akimfundisha kutoka upande wa pili wa pazia. Wenzake, kama ilivyokuwa desturi ya elimu ile, walifunga mizigo wakaenda jangwani kuishi na wachunga ngamia, ambao ndimi zao hazikuchanganyika na za mjini, wakawasikiliza na kuwauliza, huku wakila mchanga na kuumwa na nge. Nuwairi hakupenda nge. Alikuwa na pete ya shaba aliyorithi kwa baba yake, na ndani ya pete amefungwa jini aitwaye Damdamu, mzee kuliko mji, aliyezisikia kabila zote za Waarabu tangu zilipoanza kunena.

"Kwa nini nihangaike jangwani," akajiambia, "na shahidi ninaye kidoleni?"

Akaisugua pete, na Damdamu akatokea akajaza chumba, akasema, "Labeka, bwana wangu." Wakaanza kazi. Jini alitamka maneno ya kale na Nuwairi akamtazama kinywa. Jini akikifungua, Nuwairi alitia nukta ya wino mwekundu juu ya herufi, na akikishusha, nukta chini, na akiikusanya midomo, nukta mbele yake, ili msomaji aijue sauti. Hadi hapo kazi ilikuwa safi. Lakini Nuwairi alikuwa na akili nyingi, na alitaka kanuni zake zipangike bila pengo kama vigae vya sakafu. Alipoona pengo alibuni kanuni ya kuliziba, kisha akauliza, "Je, Waarabu husema hivi?"

"Ndivyo wasemavyo, bwana wangu."

Naye akaandika kwa furaha, na kitabu kikanenepa, na nakala ikapelekwa kwa mawaziri, nao wakakisifu.

Zilipobaki siku chache kabla ya baraza la kukipokea kitabu, Nuwairi alimsimulia Lubaba habari za jini wake, naye akamuuliza kutoka nyuma ya pazia, "Mwalimu, huyo shahidi wako amekukatalia mara ngapi?"

"Hajanikatalia hata mara moja," Nuwairi akajibu, na kifua kikamvimba.

"Basi mimi ningekuwa wewe ningeogopa. Yaya wangu hunikatalia kabla hata sijanywa uji."

Nuwairi akarudi nyumbani mbio na kuisugua pete. "Damdamu, Waarabu humwita ngamia kuku?"

"Ndivyo wasemavyo, bwana wangu."

"Na kuku humwitaje?"

"Vyovyote upendavyo, bwana wangu."

Nuwairi akaketi sakafuni. "Nakuamuru useme kweli!"

"Kweli, bwana wangu, ni ile uitakayo."

Hapo akafahamu kwamba aliyefungwa hata akiamriwa kusema kweli atamtazama bwana wake usoni kwanza. Pete ile ndiyo iliyokuwa mali yake yote, ndiyo iliyomlisha na kumvisha, na jini aliyefunguliwa huweza kumrarua aliyemtumikisha. Alikuwa na hofu, tusifiche. Hata hivyo aliiweka pete kizingitini akaipiga nyundo mpaka ikapasuka.

Damdamu akajinyoosha hata dari ikalia. "Sasa naweza kukuvunja shingo."

"Waweza. Lakini kabla ya hapo nakuomba, wala si amri, uniambie ni kiasi gani cha kitabu changu kilicho kweli."

Jini yule alikuwa ameamriwa karne kwa karne, na kuombwa hakuwahi kuombwa. Akapinda mgongo, akaketi. "Kilete. Sura hii takataka. Hii nzuri. Hapa ulikuwa unaota, na mimi nilikuwa nasinzia." Wakabishana hata majirani wakagonga ukuta, na walipomaliza zikabaki nukta nyekundu na kanuni chache nyembamba. Kisha Damdamu akaenda zake kwa jamaa zake, bila kuaga.

Siku ya baraza walimu wa nchi nzima walikuja kukipokea kitabu wakawafundishe watoto, na Nuwairi akaweka mbele ya Sultani kijitabu chembamba, akasema, "Ewe mfalme wa zama, kile kinene kilikuwa na uongo, nami ndiye niliyeutia. Hiki ndicho cha kweli, na hakijakamilika."

Sultani akafoka, na mshika upanga akasogea. "Mawaziri wangu wote waliniambia kile hakina kasoro!"

"Maulana, hata jini wangu aliniambia hivyo, alipokuwa amefungwa."

Sultani akawatazama mawaziri wake mmoja mmoja, akauliza polepole, "Kilemba changu leo kimenikaaje?"

"Kimekaa vizuri mno, Maulana!" wakaitikia wote kwa pamoja.

Na nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Lubaba. "Kimekwenda upande, baba."

Sultani akakishika, na kweli kilikuwa kimekwenda upande. Akakivua, akakiweka mapajani, na uso wake ulikuwa na huzuni. Kisha akamrudisha mshika upanga mahali pake. "Uongo uliutia mwenyewe na umeutoa mwenyewe," akamwambia Nuwairi. "Sina neno nawe. Mwoe, na mwende jangwani mkikamilishe."

Wakaoana, wakapewa ngamia na mali ya kuwatosha, wakaishi na wachungaji na nge wao. Nanyi mnaosikiliza, mkitaka kujua kweli, muulizeni aliye huru kuwakatalia. Kila Nuwairi alipoandika kanuni alimsomea mkewe, na mara nyingi Lubaba alisema, "Hapana, umekosea." Nuwairi alichukua kalamu akafuta, na kwa kweli alikuwa mtu mwenye furaha.