Mkeka wa Kazija

“Ukili ukiingia, ukili utoke.” Vijana watatu waliokuwa wakitengeneza programu ya simu kwa ajili ya zahanati waliisikia kauli hiyo kwa msimamizi wao, Bi Rehani, siku mteja alipoleta ombi la nne la nyongeza ndani ya wiki moja. Wakamwuliza imetoka wapi. Akawaambia wafunge kompyuta wasikilize. Methali hii ilianza hivi.

Huko Makunduchi, Mize alikuwa akisuka mkeka wa kumkalisha bintiye Kazija siku ya harusi. Kili kumi na mbili, yaani mishipi mirefu ya ukindu uliosukwa, zishonwe pamoja, Ijumaa utandikwe. Bibi harusi akikosa mkeka wa mamake, watu humsema mpaka apate wajukuu.

Kila asubuhi Bi Hidaya, shangazi wa bwana harusi, alikuja kutazama kazi, ndiyo desturi. Na kila asubuhi aliongeza. Jumapili alitaka ukili mwekundu. Jumatatu wa zambarau. Jumanne wenye nakshi.

“Sawa, mkwe,” Mize alijibu kila mara. Angemkeraje mtu atakayeishi na mwanawe? Kufika Jumatano vidole vilikuwa vimechanika, na hapakuwa na ukili hata mmoja ulioshonwa na mwenziwe.

“Mama,” Kazija aliuliza polepole, “nitakalia nini?”

Hapo hapo hodi ikapigwa.

“Nimekumbuka,” alisema Bi Hidaya, hata hajakaa. “Utiwe na ukili wa kijani. Kwetu bila kijani si harusi, ni kikao.”

 Mize akazitandaza kili zote kumi na tano sakafuni, nyingine zimekwisha, nyingine nusu.

“Mkwe, Ijumaa haisogei, na vidole vyangu ndivyo hivi. Ninazoweza kushona ni kumi na mbili. Wa kijani nitausuka. Chagua zitakazotoka.”

“Unanifunza harusi, Mize?”

“Nakuuliza tu. Chagua.”

 Bi Hidaya alizizunguka kili, akashika huu, akauacha, akashika ule. Mwishowe akaondoa mmoja mweupe, kisha mwekundu, wa zambarau na wenye nakshi, zote tatu alizozitaka mwenyewe.

“Basi huo wa kijani usuke vizuri,” akanuna.

Ijumaa, ngoma ilikuwa mlangoni Mize alipofunga fundo la mwisho. Kazija akakaa.

“Mkeka mzuri,” mgeni mmoja alisema, “ila ungetiwa na mwekundu.”

Bi Hidaya akamgeukia. “Ungetoa upi? Ukili ukiingia, ukili utoke.”